Mara Mbili ya Ngapi? Namna ya Kusoma Vichwa vya Habari Vinavyotaja Hatari za Afya

Asubuhi yoyote karibu na stendi ya mabasi ya Moshi, mbele ya meza ya muuza magazeti, utakuta watu wanane au kumi wamesimama wakisoma kurasa za mbele, na katika hao pengine mmoja tu ndiye atakayetoa fedha. Waliobaki husoma vichwa vya habari, huguna, hubishana kidogo, kisha huenda zao. Walio nyumbani husikia vichwa hivyo hivyo vikisomwa redioni wakati wanakunywa chai, na walio mbali hupokea picha ya ukurasa wa mbele katika kundi la WhatsApp la ukoo. Simlaumu mtu, kwa kuwa nami nimesimama pale mara nyingi bila kununua. Hata hivyo tukubali kinachofuata: wasomaji wengi hawavuki kichwa cha habari, na kwao hicho ndicho habari nzima. Kichwa kikipotosha kuhusu mechi ya Simba na Yanga, hasara yake ni ubishi wa siku moja. Kikipotosha kuhusu dawa, chakula au maji, mtu anaweza kuacha au kuanza jambo la kila siku kwa sababu ya maneno saba aliyoyasoma akiwa amesimama.

Mwongozo huu ni wa msomaji huyo. Hauhitaji elimu ya udaktari wala ya takwimu. Unahitaji kalamu, hesabu za shule ya msingi, na subira ya dakika tano.

Anza na neno "hatari" lenyewe

Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili ambayo msomaji wa habari za afya anapaswa kuyatenganisha. Tunasema "hatari" tukimaanisha kitu chenye uwezo wa kudhuru, na tunasema "hatari" tukimaanisha pia kadiri ya uwezekano kwamba kitu hicho kitamdhuru mtu fulani. Nyati wa Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni hatari kwa maana ya kwanza, na hakuna anayebisha. Lakini kwa fundi cherehani wa Kaloleni ambaye hajawahi kukanyaga hifadhini, uwezekano wa kuumizwa na nyati huyo ni mdogo mno, ilhali kwa mkulima ambaye shamba lake limepakana na hifadhi mambo ni mengine kabisa. Nyati ni yule yule. Tofauti imo katika umbali, muda, na idadi ya mara ambazo mtu hukutana naye.

Taarifa nyingi za kitaalamu huzungumzia nyati, na vichwa vya habari huzifanya zisomeke kana kwamba zinazungumzia fundi cherehani. Ukiona neno "hatari" kwenye kichwa cha habari, jaribu kulibadilisha kimoyomoyo kwa neno "uwezekano", kisha uone kama habari bado inakuambia chochote. Mara nyingi utakuta haisemi uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani, na huo ndio upungufu wa kwanza wa kuuandika pembeni.

Sarufi yetu nayo ina mchango wake. Vichwa vya habari hupenda umbo fupi la kitenzi: "yasababisha", "yaua", "yaharibu", "yatibu". Umbo hilo halina muda, halina mtu, na halina shaka. Mtafiti aliyeandika kwamba kitu fulani "huenda kikahusiana na ongezeko dogo" la ugonjwa kwa watu waliokitumia kwa wingi kwa miaka mingi, hujikuta amesemeshwa kwamba kitu hicho "chasababisha" ugonjwa, kwa kila mtu, leo. Si lazima pawe na nia mbaya: nafasi ya ukurasa wa mbele ni finyu, na mara nyingi anayetunga kichwa ni mhariri, wala si mwandishi aliyesoma taarifa yenyewe. Kazi ya msomaji ni kulirudisha lile "huenda" mahali pake.

Uliza ni kitu gani hasa

Mwaka 2018 shangazi yangu wa Marangu aliacha dawa zake za presha kwa muda wa wiki tatu bila kumwambia mtu. Sababu ilikuwa picha ya ukurasa wa mbele aliyotumiwa na jirani, yenye kichwa kilichosema, kwa maneno ya karibu na haya, kwamba dawa za presha zinaleta saratani. Tulipojua, tulimpeleka kupimwa, na presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba muuguzi hakukubali aondoke siku hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, presha naijua, tumezoeana. Saratani siijui."

Jibu hilo halikuwa la kijinga hata kidogo. Alikuwa amepima hatari mbili kwa taarifa alizokuwa nazo, na taarifa hizo ndizo zilizokuwa mbovu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Mwezi Julai 2018 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitangaza kwamba baadhi ya matoleo ya dawa iitwayo valsartani yanaondolewa sokoni, baada ya kugundulika kwamba malighafi iliyotengenezwa na kiwanda kimoja nchini China ilikuwa na uchafu wa kemikali iitwayo NDMA, ambayo inashukiwa kusababisha saratani. Valsartani ni dawa moja tu kati ya dawa nyingi za presha, na hata hiyo moja haikuwa na kasoro kila mahali. Shangazi hakuwa akiitumia kabisa. Kopo lake lilikuwa la amlodipini. Kichwa cha habari kilichukua dawa moja, ya kiwanda fulani, ya matoleo fulani, kikaipa jina la ukoo mzima. Ni sawa na kusikia kwamba gari moja la abiria limekatika breki, ukatangaza kuwa magari ya abiria hayana breki.

Pili, kichwa kilificha ukubwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilifanya makadirio: kama watu 8,000 wangemeza valsartani yenye uchafu huo kwa dozi ya juu kabisa ya miligramu 320 kila siku kwa miaka minne mfululizo, huenda angepatikana mgonjwa mmoja wa saratani zaidi ya wale ambao wangeugua hata bila dawa hiyo. Kuiondoa dawa hiyo sokoni kulikuwa sahihi, kwa maana hakuna sababu ya mgonjwa kumeza uchafu unaoepukika. Lakini mmoja kati ya 8,000 kwa miaka minne si jambo la kumfanya mtu mwenye presha kali atupe vidonge vyake shimoni.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, kichwa hakikusema lolote kuhusu hatari ya upande wa pili. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, huharibu figo na huchosha moyo. Mamlaka zenyewe ziliwaambia wagonjwa wasiache kumeza dawa mpaka wapewe mbadala. Onyo hilo lilikuwa sehemu ya habari tangu siku ya kwanza, na ndilo lililokosa nafasi ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo, kabla ya hesabu yoyote, tafuta majibu manne ndani ya habari: ni kitu gani hasa kwa jina lake kamili, kimewadhuru au kinaweza kuwadhuru watu gani, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na mtu akikiacha, anajiingiza katika hatari gani nyingine. Habari isiyo na jibu la swali la nne isikufanye ubadili dawa, hata kama imeyajibu yale matatu vizuri.

Mara mbili ya ngapi?

Hakuna maneno yanayotisha kwa urahisi kama "mara mbili" na "asilimia mia". Mfano unaofahamika sana ulitokea Uingereza mwezi Oktoba 1995. Kamati ya usalama wa dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya aina mpya, vilivyoitwa vya kizazi cha tatu, vinaongeza mara mbili uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa ikilinganishwa na vile vya kizazi cha pili. Habari ikaenea kwa umbo hilo hilo la "mara mbili", na wanawake wengi wakaacha vidonge kwa hofu. Kwa hesabu ya watu, ongezeko lilikuwa hivi: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya awali, takriban mmoja alipata tatizo hilo, kati ya 7,000 waliotumia vipya, takriban wawili. Mara mbili, ndiyo. Asilimia mia, ndiyo. Na bado ni mwanamke mmoja zaidi katika kila 7,000. Mwaka uliofuata, idadi ya mimba zilizotolewa England na Wales ilikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Wala haikuandikwa kwa herufi kubwa kwamba mimba na uzazi wenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda kuliko vidonge vile.

Hesabu ya kujifunza hapo ni rahisi. Kila ukisoma "mara mbili", uliza "mara mbili ya ngapi?" Kila ukisoma asilimia iliyoongezeka, tafuta idadi ya mwanzo, kisha chora safu mbili kwenye karatasi: watu 1,000 wasiotumia kitu hicho upande mmoja, watu 1,000 wanaokitumia upande wa pili, na chini ya kila safu andika wagonjwa wangapi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo habari. Ukiwa huwezi kuwaona watu 1,000 akilini, fikiria ibada ya kwanza ya Jumapili katika usharika mkubwa wa mjini, halafu jiulize ni wangapi zaidi katika wale wote wataguswa.

Tujaribu kwa nyama. Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, na lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba kula gramu 50 zake kila siku huongeza uwezekano huo kwa takriban asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Nchini Uingereza, ambako nyama hizo huliwa sana, takriban watu 6 kati ya 100 hupata saratani hiyo katika maisha yao. Asilimia 18 juu ya 6 inaifikisha kwenye takriban 7. Kwa hiyo kati ya watu 100 wanaokula kiasi hicho kila siku maisha yao yote, anaongezeka mmoja. Kwetu saratani hiyo haijafikia kiwango cha Uingereza, kwa hiyo ongezeko lile lile la asilimia 18 linazaa idadi ndogo zaidi. Aliyeacha mishikaki ya Jumamosi jioni kwa sababu ya kichwa cha habari kile alikosea hata aina ya nyama: nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi tofauti, kwa ushahidi dhaifu zaidi.

Hapo ndipo pa kueleza makundi yale, kwa kuwa yamezaa vichwa vya habari vya ajabu. Shirika hilo huweka vitu katika Kundi la 1 pale ushahidi kwamba husababisha saratani kwa binadamu unapotosha, Kundi la 2A pale ambapo yawezekana sana, 2B pale ambapo yawezekana tu, na Kundi la 3 pale ambapo ushahidi hautoshi kuamua. Makundi hupima uthabiti wa ushahidi. Hayapimi ukubwa wa madhara. Ndiyo maana tumbaku, pombe, mwanga wa jua na soseji vimo katika Kundi la 1 pamoja, na ndiyo maana magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani lenyewe liliyanukuu wakati ule yalikuwa vifo takriban 34,000 vya saratani kwa mwaka duniani kutokana na ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa, na takriban milioni moja kutokana na tumbaku. Wezi wawili wanaweza kuthibitika mahakamani kwa ushahidi ulio imara sawasawa, mmoja akiwa ameiba kuku na mwingine ameiba lori.

Nadhani kundi linalopotosha zaidi ni 2B. Humo mna dondoo la jani zima la mshubiri, uleule unaouzwa mitaani kama tiba ya kila kitu. Tangu Julai 2023 mna pia aspatami, utamu wa soda zisizo na sukari. Wiki ile ile kamati nyingine ya kimataifa, inayopima kiasi salama cha vitu vinavyoongezwa kwenye chakula, iliacha kiwango chake palepale pa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya kopo 9 hadi 14 za soda kwa siku ili akipite. Tangazo la kwanza lilipata vichwa vya habari. La pili lilikaa aya ya sita.

Kahawa, chai, na joto la kikombe

Suala hili linatugusa sisi wa mlimani kuliko wengi. Kahawa, ambayo imesomesha watoto wa Kilimanjaro tangu kabla ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuanzishwa mwaka 1933, iliwekwa Kundi la 2B mwaka 1991 kwa shaka ya saratani ya kibofu cha mkojo. Juni 2016 wataalamu walipitia ushahidi upya, wakaiondoa kundi hilo na kuiweka la 3. Katika kikao hicho hicho waliweka Kundi la 2A vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65, kwa sababu ya saratani ya umio, ile ambayo watu huiita saratani ya koo. Vichwa vya habari vya wiki ile vilikwenda pande mbili: kuna vilivyosema kahawa imesafishwa jina, na kuna vilivyosema kahawa ya moto inaleta saratani. Msomaji aliyeona vyote viwili alikuwa na haki ya kukata tamaa na sayansi. Lakini taarifa haikujipinga: lililoshukiwa ni joto, na lingeshukiwa hata kama kikombe kingekuwa na maji matupu.

Sasa tuje nyumbani. Saratani ya umio inaonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na mkoa wetu umo ndani ya ukanda huo. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima joto la chai wakati watu 188 walipoanza kuinywa. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6. Waliokunywa chai ya maziwa, ile inayochemshwa maziwa na maji pamoja, waliinywa ikiwa na joto la karibu nyuzi 2 zaidi ya waliokunywa chai ya rangi, hasa kwa sababu chai ya rangi hupoa kwa kasi maradufu.

Mpe mhariri mwenye haraka utafiti huo, na unaweza kupata kichwa kama "Chai ya maziwa yaleta saratani Kilimanjaro". Angalia makosa yaliyomo. Utafiti haukuhesabu wagonjwa. Ulipima joto la vikombe. Haukusema maziwa yana kosa; ulisema yanachelewesha kupoa. Wala haukuthibitisha kwamba joto ndilo chanzo cha saratani hiyo hapa kwetu. Ulionyesha kwamba joto hilo ni la kiwango kinachostahili kuchunguzwa. Nimekitunga kichwa hicho mwenyewe kama zoezi, na ningependa kila msomaji afanye vivyo hivyo: chukua habari uliyoisoma yote, uitungie kichwa cha maneno saba, uone ni nini umelazimika kukitupa.

Hata hivyo, sisemi kwamba utafiti usiothibitisha chanzo haustahili kufuatwa. Hapa napima kwa kanuni yangu mwenyewe: tahadhari isiyo na gharama ichukuliwe hata kama ushahidi ni wa wastani, na tahadhari yenye gharama kubwa isubiri ushahidi mzito. Kuacha chai ipoe dakika chache hakumpunguzii mtu chochote, isipokuwa mbele ya mama mkwe wangu, anayeamini kwamba chai iliyopoa ni ya mgonjwa. Kuacha dawa ya presha ni gharama kubwa mno.  Unachopaswa kukipima ni kile utakachopoteza ukitii.

Idadi ikipanda, tazama na watu walioongezeka

Vichwa vya aina nyingine husema wagonjwa wa ugonjwa fulani "waongezeka" katika mkoa. Kwa Arusha, jambo la kwanza la kufanya ni kukumbuka sensa. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,694,310. Mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,356,255. Hilo ni ongezeko la asilimia 39. Kilimanjaro katika kipindi hicho ilitoka 1,640,087 hadi 1,861,934, ongezeko la asilimia 13 na nusu. Kwa hiyo, tuseme kwa mfano, kama Arusha ingekuwa na wagonjwa 100 wa ugonjwa fulani mwaka 2012 na wagonjwa 139 mwaka 2022, uwezekano wa mkazi mmoja kuugua haungekuwa umesogea hata kidogo, ijapokuwa kichwa cha habari kingesema kweli kikisema wagonjwa wameongezeka. Wagonjwa 139 Kilimanjaro, kwa mwanzo ule ule wa 100, ingekuwa habari nyingine.

Sababu ya pili ni vipimo. Hospitali ya KCMC ilipoanza kuhudumia wagonjwa wa saratani katika kitengo chake, watu wa kaskazini ambao awali walilazimika kusafiri hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au waliobaki nyumbani bila jina la ugonjwa, walianza kuhesabiwa Moshi. Kitabu cha wagonjwa kinaponenepa kwa namna hiyo, kinaweza kuwa kinaleta habari njema.

Kichwa kilichotoka mbali, maji yaliyo karibu

Hadi hapa nimezungumzia vichwa vinavyotia hofu kupita kiasi. Vipo pia vinavyotufanya tuogope kitu kisicho chetu na kukisahau kilicho chetu. Agosti 2024 taasisi ya Marekani inayochunguza sumu ilitoa tathmini kwamba floraidi, madini yaliyomo katika maji na katika dawa nyingi za meno, inapozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji inahusiana na kushuka kwa alama za vipimo vya akili (IQ) kwa watoto, kwa kiwango cha uhakika wa wastani. Haikuweza kuamua lolote kuhusu miligramu 0.7, kiwango ambacho Wamarekani huongeza katika maji yao ya bomba. Mjadala wa kule ulikuwa juu ya hiyo 0.7. Ukitafsiriwa kwa haraka, unafika huku ukiwa umekuwa onyo dhidi ya dawa ya meno, na mzazi anaitupa.

Lakini miteremko ya Meru haina haja ya kuazima mjadala wa watu. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru hubeba floraidi ya asili kutoka kwenye miamba ya volkano, mara nyingi juu ya miligramu 1.5 ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kama kikomo, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko, pamoja na miguu ya watoto iliyopinda katika sehemu zilizoathirika zaidi, yanajulikana tangu zamani. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama na kingine cha jirani kisifae. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kule Ngurdoto ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Kwa mkazi wa huko, swali la kuuliza baada ya kusoma kichwa cha Marekani ni kiasi gani kimo katika kisima chake mwenyewe, na dawa ya meno, inayotemwa, iendelee kukaa bafuni.

Neno "ajabu" na ushuhuda wa waliopona

Kwa haya mawili nitakuwa mfupi. Julai 2022 habari zilienea juu ya "ugonjwa wa ajabu" wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, uliowafanya watu watokwe damu puani. Baada ya siku chache Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, wenye dawa. Wakati huo waliokuwa wameugua walikuwa 20 na waliofariki 3. Katika kichwa cha habari "ugonjwa wa ajabu" humaanisha kwamba majibu ya maabara hayajatoka. Soma hivyo, kisha subiri.

Vichwa vya matumaini navyo hupotosha, na mkoa wa Arusha una kumbukumbu yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Magazeti yalijaa shuhuda za waliopona. Aliyekunywa akarudi nyumbani, akaacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na kufariki miezi kadhaa baadaye, hakupata mwandishi wa kumhoji. Ukisoma "apona", fanya hesabu ile ile: amepona mmoja kati ya wangapi waliokunywa, na nani aliwafuatilia wale wengine?

Vichwa vya kutii mara moja

Msomaji aliyejifunza kushuku anaweza kuzidisha, akapuuza hata tangazo la kipindupindu. Matangazo ya kweli ya dharura yana alama zake: hutaja mahali, tarehe, mamlaka iliyotoa tangazo, dalili za kuangalia, na jambo la kufanya. Machi 2023 Tanzania ilipotangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, taarifa ilikuwa na hayo yote; waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6 hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Juni, na waliofuata maelekezo ya kutogusa wagonjwa na maiti hawakuwa wakifuata uvumi. Agizo la kuondoa dawa sokoni nalo hutaja jina la dawa, mtengenezaji na namba ya toleo. Ukikuta alama hizo, tii kwanza na uhoji baadaye.

Zisipokuwepo, soma habari yenyewe kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa namba za mwanzo, maoni ya mtaalamu mwingine na ile "huenda" iliyopotea mara nyingi hukaa aya za mwisho. Katika kundi la familia usimjibu aliyetuma picha kwa kumcheka, muulize "dawa gani kwa jina?" na mara nyingi mazungumzo yatajirekebisha yenyewe. Wizara ya Afya ina namba ya simu ya bure, 199, inayopokea maswali ya namna hii. Na ikiwa habari inahusu kitu unachokimeza kila siku, nenda kwa mfamasia au kliniki unakotibiwa ukiwa umebeba kopo au boksi lenyewe mkononi, mkalinganishe jina lililoandikwa hapo na lile lililo kwenye habari, neno kwa neno, na uendelee kumeza dozi yako mpaka mtakapomaliza kulinganisha.